Kuanzia Bukoba Wote Walijua

Mlikuja kunipokea stesheni na bakuli zenu za kupokelea senene, mimi nikashuka mikono mitupu, kichwa kimenyolewa. Mama Tausi akadhani ni mtindo mpya wa Dar. Nimeshamsamehe. Wengine mliniuliza kwa upole, nikawajibu kwamba mama amefariki, mkasema pole, mkanipikia uji, mkakaa nami. Lakini niliona mnataka kujua ilikuwaje, maana nilipoondoka hapa Kitwe kwenda kwetu Tanzania niliwaaga nikiimba. Kusimulia kwa mdomo kumenishinda, kila nikifika Bukoba nalia. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na mtu asinikatize.

Mama yangu, Veronika, alikuwa akiishi Kibingo, upande wa Kyerwa, kwenye kibanja alichoachiwa na baba. Kibanja kwetu ni nyumba pamoja na migomba na mibuni inayoizunguka, na ndani yake humo tunazaliwa na humo tunazikwa. Watoto aliobaki nao tulikuwa wawili, mimi Paskazia na mdogo wangu Koleta, fundi cherehani huko Mwanza. Kifua kilikuwa kimemsumbua mama tangu masika. Kupitia kwa dereva mmoja wa malori aliniagiza neno: "Noeli hii aje. Zinazofuata hata asipokuja." Mama hakuwa mtu wa kuomba. Hata chumvi alikuwa anaona haya kuiomba kwa jirani. Kwa hiyo niliposikia hivyo sikutaka maelezo zaidi, nikarudisha jibu kwamba naja, nikafunga mizigo. Nilikuwa na shida moja tu duniani, nimkute yu hai.

Kitwe mpaka Dar

Habari za tiketi na mihuri ya mpakani mnazijua, naziruka. Nilibeba mablanketi mawili, sabuni za kutosha kufulia kijiji, na mafuta ya kupaka, maana mnakumbuka hali ya maduka ya nyumbani ilivyokuwa. Sukari ilikuwa inapangiwa foleni kama watu wanaokwenda kuungama.

Treni ilikwenda vizuri mpaka tulipoingia nyanda za juu upande wetu. Hapo mvua ilikuwa imekula tuta la reli, tukasimama kwenye kituo kidogo chenye bomba moja la maji. Tulisimama mpaka abiria tukajuana majina ya watoto na magonjwa ya wakwe. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kibemba, BaMwape, anayekwenda Dar kumwona mwanawe. Alitoa mfuko wa viwavi wakavu akanikaribisha. Nikakunja uso. Akaniuliza kwetu tunakula nini. Nikamwambia senene. Akauliza senene ni nini, nikamwonyesha kwa vidole namna wanavyoruka, na namna tunavyowanyonyoa mbawa na miguu kabla ya kuwakaanga. Akakunja uso kunishinda. Tukacheka mpaka kondakta akachungulia. Mwisho njaa ikatupatanisha, nikala viwavi wake, na sikuona ubaya wao.

Tulipofika Dar akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama mgonjwa, wewe usikae Dar."

Sikukaa. Hata kwa dada Leokadia, mtu wa kwetu anayeishi huko, ambaye mnajua angenichinjia kuku, sikupita.

Reli ya kati, na Koleta

Treni ya Mwanza ilijaa watu wa Noeli. Kila mtu amebeba kitu cha kumwonyesha mtu, huyu redio, yule godoro, mwingine jogoo ambaye alituimbia bila kujali kama kumekucha. Nilikaa juu ya mablanketi yangu. Dodoma nilinunua karanga, Tabora nikanunua asali kwa ajili ya kifua cha mama. Mzee mmoja wa Kinyamwezi alinifundisha kuionja ili kujua kama imetiwa maji, nikaonja chupa zake zote mpaka muuzaji akaanza kuninunia.

Koleta nilimkuta chumbani kwake amezama katikati ya vitambaa. Mnamjua kwa hadithi zangu. Huyu mtoto akikutazama tu anakijua kiuno chako, na akikutazama mara ya pili anajua uligombana na nani.

"Shikamoo dada. Umekonda. Zambia hawana ugali?"

"Marahaba. Funga manguo hayo twende kwa mama, meli inaondoka jioni."

"Dada, hizi ni nguo za Noeli za watu. Nikiondoka leo watanichoma mimi na cherehani yangu. Tangulia. Meli inayofuata nipo."

"Mama anaumwa, Koleta."

"Najua anaumwa. Ndiyo maana tangulia."

Nilikasirika kidogo, lakini alikuwa na haki yake. Mteja wa Noeli hana msamaha. Akanisindikiza mpaka bandarini na futi yake ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, akasimama akinipungia mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Bukoba

Meli ilifika asubuhi, ziwa limetulia, na milima ya Bukoba imefunikwa na ukungu. Kwenye meli nilikuwa nimezoeana na sista mmoja wa misheni ya huko kwetu. Gari lao, Landrova, lilikuwa linamngoja bandarini, na kulikuwa na nafasi moja. "Panda nasi," akaniambia. "Jioni uko kwa mama yako."

Kabla sijajibu nikasikia naitwa. Alikuwa Deusi, dereva wa lori la kahawa, kijana wa kwetu tuliyecheza naye utotoni. Ukoo wake na wetu ni watani. Tangu nipate akili hatujawahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

"Deusi! Bado wanakuruhusu kuendesha gari la watu, na macho hayo?"

Hakunijibu tusi. Akasema, "Pole na safari, Paskazia. Baba mdogo wako ameniagiza nikuchukue."

Baba mdogo ni Anatori, mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nikafurahi kwamba amenikumbuka. Sista akauliza kama ninakuja, na Deusi akamwahi: "Huyu nitamchukua mimi, Sista. Ni mtu wetu." Mizigo yangu alikuwa ameshaishika.

Nilijua Landrova itatangulia. Sikuwa mjinga. Lakini mtu wa nyumbani amekuja kukupokea, ametumwa na mzee, halafu umwache bandarini upande gari la watu wengine? Hiyo kwetu ni dharau, na ingefika nyumbani kabla yangu. Nikamshukuru Sista, akaondoka.

Sasa niwaambie nisichokijua saa ile. Asubuhi hiyo hiyo ujumbe ulikuwa umeingia kwa redio ya upepo kwenye ghala la kahawa alikoshusha Deusi. Mama alikuwa amefariki jana yake jioni. Mazishi kesho. Binti yake anakuja na meli, mchukueni, na msimwambie kitu njiani. Ndiyo desturi yetu. Mtu haambiwi msiba akiwa safarini. Anaambiwa amefika, amekalishwa, na kuna mikono ya kumshika. Desturi hiyo naijua kama ninavyojua jina langu, nimewahi hata kushiriki kuwaficha wengine. Ila miaka ya ugenini inampumbaza mtu, akadhani desturi za kwao zinawahusu watu wengine.

Kyaka na mlima wenye tope

Deusi alipakia chumvi na mabati, lakini nusu tu, akasema mengine atayafuata. Mwenye mzigo alipiga kelele, Deusi akawasha gari. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameshakaa mfanyabiashara mmoja mnene, ametulia kabisa na mfuko wake wa mandazi. Deusi akamwambia ahamie juu. Yule bwana akaanza kueleza umri wake na magoti yake. Deusi akamnong'oneza kitu sikioni. Bwana yule akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniachia mandazi yote, akapanda juu ya mabati.

Nikamwambia Deusi, "Umemtishia nini mzee wa watu?"

"Nimemwambia umetoka mbali."

Nikaona watu wa kwetu hawajabadilika, wanaheshimu mtu aliyetoka mbali. Nilijisikia mkubwa. Nikila mandazi ya bure nikamsimulia habari zenu, namna Mama Tausi alivyoanguka na ndoo, na kila nilipongoja kicheko chake nikasikia injini.

Daraja la Kyaka tulilivuka mchana. Wale waliokuwepo wakati wa vita hunyamaza kidogo hapo, hata kwenye lori lililojaa kelele. Baada ya hapo mvua ikatupiga. Kwenye mlima mmoja tope lilimeza magurudumu ya nyuma mpaka nusu. Watu wote wakashuka kusukuma, hata mama mwenye mimba alitaka kushika, mimi nikavua viatu. Nikazuiwa. "Wewe kaa," walisema, mmoja baada ya mwingine. "Kaa tu, dada." Nikakaa kwenye jiwe chini ya turubai, nikadhani ni kwa sababu ya viatu vyangu vya Kitwe.

Deusi alichimba kwa jembe la kuazima mpaka giza likaingia, mikono yake ikawa inatoka damu. Nikamwita.

"Deusi, pumzika. Haraka ya nini? Noeli bado."

Alisimama akanitazama, jembe mkononi. Nilidhani atanitukana, na nikafurahi, maana nilikuwa nimeanza kumkosa mtani wangu. Akainama akaendelea kuchimba. Maneno yale niliyasema mwenyewe, kwa kinywa changu, na sina pa kuyarudisha.

Tulilala hapo. Lori lilitoka kesho yake asubuhi, baada ya jua kukausha tope kidogo na watu wa kijiji kuja na kamba.

Bweranyange

Tulipita Bugene na Kayanga bila kusimama sana. Pale Kayanga watu wawili watatu wanaonifahamu walikuja dirishani, wakanishika mkono na kuukawiza. "Umekuja, waitu," wakasema, yaani mtu wetu. "Ndiyo umekuja." Nikawajibu kwa furaha zote.

Nilitaka tuendelee moja kwa moja, lakini Deusi alikata kona kuingia Bweranyange kwa dada yake, Editha, akasema lazima nile. Nikamwambia nitakula kwa mama. Akasema, "Kula hapa, Paskazia. Nakuomba." Hajawahi kuniomba kitu maishani mwake.

Editha ndiye kifungua mimba wa kwao, karibu na umri wa mama yangu. Alikuwa ameshaandaa ndizi na maharage, zimefunuliwa kwenye jani, moshi unapanda. Akaleta maji ya kunawa, na badala ya kuniachia chombo, akapiga goti akaninawisha mwenyewe, kidole kwa kidole. Jamani, mama mzima ananipigia goti mimi! Nilitaka kumnyang'anya kata. Akaukaza mkono wangu, akaendelea. Baada ya chakula akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama mgeni wa heshima, akanitazama nikitafuna mpaka nikamaliza.

"Wakarimu hawa," nikamwambia Deusi tulipoondoka. "Huko ughaibuni mtu hakupi hata maji."

Karibu na kwetu tulipishana na wanawake wamebeba matita ya nyasi mbichi kichwani. Mnajua, nyumba zetu hutandikwa nyasi sakafuni siku za sikukuu, na harufu yake ndiyo Noeli yenyewe. Nikashangilia. "Tazama, wameanza kutandika mapema mwaka huu!" Nilisahau, au nilikataa kukumbuka, kwamba nyasi hutandikwa pia mahali ambapo watu watalala chini.

Lori lilipopanda kilima cha kwetu, nilitoa kichwa dirishani nikapiga vigelegele. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila nikirudi, tangu nikiwa shule ya bweni, na mama huwa anajibu kutoka kwenye migomba kabla hata sijamwona. Nikapiga, nikangoja. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Deusi akaweka mkono wake begani kwangu, na wakati huo lori likaingia kwenye irembo, uwanja wa mbele ya nyumba, nikawaona watu wamekaa chini wengi, na wanaume wananawa udongo mikononi.

Nyumbani

Walikuwa wametoka tu kumzika.

Sitawaeleza namna nilivyolia, kila mmoja wenu ana yake. Nitawaeleza hasira. Niliposhikwa na kukalishwa kwenye nyasi zile, nilipoweza kusema tena, neno la kwanza lilikuwa la hasira, na nililielekeza kwa baba mdogo Anatori mbele ya watu wote.

"Mngeniambia Bukoba! Kulikuwa na gari la Sista. Ningefika jana. Ningeuona uso wake."

Wanawake wakaniambia nyamaza. Baba mdogo akawazuia. Alikaa chini karibu yangu, mzee wa watu, udongo bado kwenye kucha.

"Tulikungoja, mwana wange. Tulikungoja mpaka jua likapinda. Mvua ilikuwa inakuja, kaburi lingejaa maji."

"Mmeningoja wakati mimi nanawishwa mikono Bweranyange! Mngesema neno moja tu!"

"Ungeambiwa na nani? Na Deusi, bandarini, katikati ya makuli? Ungeanguka, nani angekushika?"

"Ningeanguka, ningeinuka!"

"Hilo hulijui. Nimeona mtu aliyeambiwa njiani. Alifika, lakini akili yake haikufika. Sikutaka kuzika mmoja na kumfunga mwingine kamba."

Nikamgeukia Deusi. Alikuwa amesimama kando ya lori lake, mikono imefungwa vitambaa. Alinikaribia akasema, "Paskazia, nilifikiri tutawahi. Kama si lile tope." Nikampa kisogo. Siku zile za kwanza za matanga alikuja, akachanja kuni, akachota maji, na mimi sikumwitikia salamu.

Jirani yetu, Ma Yustina, ndiye aliyekuwa na mama mpaka mwisho. Aliniambia kwamba wiki ile ya mwisho kila gari likinguruma bondeni mama alikuwa anauliza, "Ni yeye?" Wanamwambia bado. Naye anasema, "Basi fungueni mlango wa mbele, asije akadhani hakuna mtu." Baridi inaingia, kifua kinambana, na mlango uko wazi. Hilo nimelibeba mpaka hapa Kitwe na sijui nitalitua wapi.

Asali ya Tabora tuliwapa watoto wa jirani. Senene hakuna aliyekwenda kuwatega, msimu ulipita tukiwa tumekaa chini. Nywele tulinyolewa siku ya kuanua matanga, watoto wa marehemu wote, ndivyo ilivyo kwetu. Kwa hiyo, Mama Tausi, si mtindo wa Dar.

Kayanga tena

Lakini kabla ya kunyolewa, Koleta alikuwa bado hajafika. Meli yake ilikuwa inafika, na basi la Bukoba lingemshusha Kayanga. Naye alikuwa hajui. Baba mdogo alishaanza kupanga nani aende, apitishwe wapi, ale wapi. Nikasimama.

"Nitakwenda mimi. Na nitamwambia pale pale akishuka. Hatapigiwa goti na mtu. Hatapiga vigelegele kwenye kaburi."

Nilingoja anikatalie. "Wewe ndiye mkubwa wake," akasema. "Nenda."

Gari lililokuwepo lilikuwa la Deusi. Nikapanda. Karibu na Kayanga nikamwambia, bila kumtazama, "Nitamwambia stendi." Akajibu, "Sawa, dada." Basi. Nikapanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, mafupi, ya kweli: Koleta, mama hayupo, tumeshamzika, shika mkono wangu.

Basi likaja. Koleta akashuka wa kwanza, akawapita watu kama anakata kitambaa. "Shikamoo dada! Mbona uko huku, hujaamini kama nitakuja?" Na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi anafungua mfuko. Akatoa gauni. La buluu, lenye kola nyeupe, limeshonwa kwa mkono wa mtu anayependa anayemshonea. Akalishika mabegani mwake, akazunguka.

"La mama, la Noeli. Nimeacha nafasi ya kuongeza hapa kiunoni, kwa sababu akipona atanenepa. Unaonaje?"

Watu wa stendi walikuwa wanatutazama. Mchuuzi wa ndizi akasema, "Limependeza, mama atafurahi." Nami nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nikayaona yamekaa mdomoni, nikayameza.

"Limetulia," nikasema.

"Anaendeleaje?"

"Ana nafuu."

Hivyo. Mimi, niliyemfokea mzee mbele ya msiba. Nikaliona kosa langu mwenyewe likitoka, na sikuweza kulizuia, kwa sababu usoni kwake mama alikuwa mzima, ananenepa, anajaribu gauni. Nani angenyoosha mkono amwondoe pale, kwenye vumbi la stendi, mbele ya wauza ndizi? Nikamwambia twende hotelini ukanywe chai. Nikamwagizia chapati mbili na nyama. Nikamlipia. Nikainua mfuko wake, nikautundika begani kwangu, tukaenda kwenye lori. Deusi alitutazama usoni mara moja tu, akajua, akatufungulia mlango. Nikamwambia, "Asante, Deusi." Ndilo neno la kwanza jema nililompa tangu siku ya mazishi.

Koleta aliongea. Aliongea habari za mteja aliyeleta kitambaa cha mtoto akitaka gauni la mtu mzima, za meli, za jirani yake anayelia kila akisikia kinanda. Deusi alicheka mahali pa kucheka, nikamshukuru kimoyomoyo. Tulipopita Bweranyange sauti ya Koleta ikapungua. Baadaye akalitoa gauni mfukoni, akalilaza magotini. Tukaenda hivyo, migomba inapita pande zote mbili.

"Dada."

"Naam."

"Tangu lini wewe ukanibebea mzigo?"

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama mbele, mikono imelala juu ya gauni magotini. Nikafungua kinywa.

"Usiseme," akaniambia. "Nilijua tangu ile chai. Usiseme bado, dada. Tufike kwanza."

"Koleta, mimi nilitaka..."

"Najua. Nisimulie habari za Kitwe."

Basi nikamsimulia. Niliwataja wote kwa majina, nikamweleza nyumba ya nani iko mtaa gani, nani anapika vizuri na nani anadhani anapika vizuri. Nikamsimulia Mama Tausi na ndoo yake. Alikuwa ananiuliza maswali, na mimi namjibu, na Deusi anaendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha. Tulipoanza kupanda kilima cha kwetu sauti yangu ilikatika katikati ya habari ya mmoja wenu, sikumbuki nani. Koleta akanishika mkono. Tulianza kulia pamoja kabla lori halijasimama.